Namba tatu za tezi ya mjomba

Mjomba alizibwa mkojo usiku mmoja wa Juni, kusi linavuma, na kilichomziba ni kidonge cha mafua. Miaka mitatu nzima alikuwa akiamka usiku mara nne au tano, na mkojo ukimtoka kwa kudondoka, lakini ulikuwa ukitoka. Jioni ile alipita duka la dawa kule Makorora, akapewa vidonge vya kawaida vya mafua, vile vyenye dawa ya kukausha makamasi pamoja na dawa ya mzio. Ile ya kukausha hubana misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi dume. Ile ya mzio hulegeza msuli wa kibofu chenyewe. Kijana anaweza kuvimeza wiki nzima asione kitu. Kwa mzee ambaye tezi yake imekwisha kubana njia, ni kama mlango umefungwa kwa nje na anayeusukuma kwa ndani amelishwa usingizi. Saa nane za usiku alikuwa amejikunja kwenye kochi, jasho linamtiririka, tumbo limetuna chini ya kitovu na ukiligusa anapiga kelele.

Hospitalini aliwekewa mpira wa mkojo. Ulitoka mkojo mililita 1,100, na mjomba akalala palepale juu ya kitanda cha mapokezi, amefumba macho, anamwombea dua muuguzi.

Tukadhani shida imekwisha. Kumbe kutoka usiku ule hadi siku aliyopasuliwa ilipita miezi minne, na miwili kati ya hiyo tuliipoteza wenyewe kwa makosa ambayo mtu angetuambia mapema tusingeyafanya. Mimi nimefanya kazi wodi ya upasuaji, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kutojua. Mgonjwa akiwa wa nyumbani, akili hukaa kando.

Kosa la kwanza lilitangulia usiku ule. Huku kwetu Tanga, chochote kinachomsumbua mwanamume chini ya kitovu kina majina mawili tu: ngiri au busha. Mjomba alikuwa amekunywa dawa ya ngiri ya mizizi mwaka mzima. Ngiri ni utumbo unaopenya kwenye ukuta wa tumbo na kushuka kinenani. Busha ni maji kwenye mfuko wa korodani, na pwani hii chanzo chake mara nyingi ni minyoo ileile ya matende. Kichocho huleta mkojo wenye damu, na mabondeni kuelekea Muheza wazee wengi walioga mtoni utotoni. Tezi dume ni kitu kingine kabisa: iko chini ya kibofu, imeizunguka njia ya mkojo kama pete, na kadiri umri unavyokwenda hukua kuelekea ndani. Ukiona mzee ana ngiri na pia anakojoa kwa kukamia, tezi ishughulikiwe kwanza, maana huko kukamia ndiko kunakoisukuma ngiri nje. Ukishona ngiri na kuacha tezi, mshono unaweza kufumuka.

Madaktari wana maswali 7 ya kupima ukali wa tatizo: kubaki na mkojo baada ya kumaliza, kurudi chooni kabla ya masaa mawili kupita, mkojo kukatika katikati, kushindwa kuuzuia, mkondo dhaifu, kukamia, na kuamka usiku. Kila swali lina alama 0 hadi 5. Jumla ya 8 hadi 19 ni ya wastani, 20 hadi 35 ni kali. Tulipomhesabia mjomba kwa kukumbuka hali yake ya kabla ya Juni, alipata 24. Maswali haya hayahitaji mashine. Tungeyauliza mwaka mmoja nyuma, tukiwa barazani tunakunywa kahawa.

Siku zilizofuata yalitokea mambo mawili. La kwanza lilikuwa jema: walipima figo. Kreatini, ile takataka ya damu ambayo figo hutakiwa kuichuja, ilikuwa 310, wakati kawaida ya mwanamume haizidi sana 110. Mkojo uliobanwa muda mrefu hurudisha shinikizo hadi kwenye figo. Baada ya siku kumi za mpira ilishuka hadi 118. Kwa siku mbili za mwanzo figo zilizofunguliwa ghafla zinaweza kumwaga mkojo mwingi kupita kiasi, kwa hiyo mwandikieni mgonjwa kila kinachoingia na kila kinachotoka. Mkojo ukizidi mililita 200 kwa saa, saa baada ya saa, muuguzi aambiwe, maana mgonjwa anaweza kukauka maji na chumvi.

La pili lilitugharimu wiki sita za hofu. Zahanati moja ya binafsi ilimpima PSA, kipimo cha damu cha kutafuta dalili za saratani ya tezi dume, siku ya tatu akiwa na mpira. Jibu likaja 19, na kwa kawaida huangaliwa isizidi 4. Nyumba nzima ikakaa kimya kama kuna msiba. Mkaza-mjomba akaanza kufunga sunna. Hakuna aliyetuambia kwamba mkojo kuziba, mpira kupitishwa na maambukizi ya mkojo, kila kimoja peke yake huipandisha PSA, na mjomba alikuwa navyo vyote vitatu. Kipimo hicho kisubiri wiki sita hivi baada ya mkojo kuziba au baada ya maambukizi kutibiwa. Tuliporudia kwa wakati wake ilikuwa 5.3, na daktari, baada ya kupapasa tezi kwa kidole na kukuta ni laini na sawa pande zote, akasema kwa tezi kubwa kiasi hicho namba hiyo haimshangazi. Kile kidole wazee hukikimbia, lakini ndicho kinachogusa uvimbe mgumu ambao damu peke yake haiuonyeshi.

Alianzishiwa tamsulosini ya miligramu 0.4 kila usiku, na baada ya siku chache mpira ukatolewa kujaribu. Dawa hii hulegeza misuli, haipunguzi tezi. Inywewe usiku kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama, ingawa mzee anayeamka gizani kwenda chooni bado anaweza kuanguka. Mzee anayesubiri kupasuliwa mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho kwamba anaitumia, maana hulegeza mboni na kuvuruga kazi ya yule daktari. Dawa ya pili, finasteraidi ya miligramu 5, ndiyo inayopunguza tezi, kiasi cha robo hivi, lakini inataka miezi sita, nayo hushusha PSA hadi nusu. Asiyejua hilo ataisoma namba vibaya. Mjomba alikojoa mara mbili, vijiko vichache, na jioni akaziba tena. Mpira ukarudi. Hapo daktari akatamka neno upasuaji.

Sasa kuhusu huo mpira, maana tuliishi nao hadi Oktoba. Ule wa kawaida, wa rangi ya kahawia isiyokolea, hubadilishwa kila wiki nne hivi. Wa silikoni hufika hadi wiki 12, ni ghali zaidi, ila ukihesabu bajaji za kwenda na kurudi unakuta si ghali sana. Puto lake hujazwa maji safi ya sindano, si maji ya chumvi, kwa sababu chumvi huganda kwenye kijia chake na siku ya kulitoa puto linakataa kunywea. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu wakati wote, lakini usiguse sakafu. Mkojo ukikoma ghafla na tumbo linauma, kwanza angalia kama mpira umejikunja au mtu ameukalia. Ukivuja pembeni, huenda umeziba ndani na unahitaji kusukumwa maji ya chumvi mililita 50 kwa bomba la sindano. Usiutoe mwenyewe.

Mara ya pili kubadilishiwa, aliyekuwa akiubadilisha kwenye zahanati moja alijaza puto kabla mkojo haujaonekana kwenye mpira. Puto likavimba ndani ya njia yenyewe badala ya kwenye kibofu. Mjomba alitoka damu siku mbili, na kovu la namna hiyo linaweza kuwa ugonjwa mpya juu ya ugonjwa. Mpira huingizwa hadi kwenye panda yake, mkojo unaonekana, ndipo puto linajazwa, na mgonjwa akisikia maumivu wakati wa kujaza, kazi inasimama. Mkaza-mjomba aliposimuliwa hayo, alilijua swali moja la kuuliza kila walipokwenda tena: "Mwanangu, mkojo umekwisha kuonekana?"

Jambo jingine lililomsononesha mjomba zaidi ya maumivu lilikuwa swala. Alikaa wiki mbili hajakanyaga msikitini, akidhani mwenye mfuko wa mkojo hana twahara. Shehe wa msikiti wao alimwambia kwa sentensi moja: wewe ni mwenye udhuru, tia udhu kila wakati wa swala unapoingia, kisha uswali. Waulizeni mashehe wenu mapema, msiwaache wazee wakae na huzuni hiyo peke yao.

Haya, namba tatu. Picha ya kwanza ya altrasaundi tuliyopewa ilikuwa na mstari mmoja: tezi dume imekua. Basi. Tukazunguka nayo mwezi mzima, na kila daktari wa upasuaji aliyeishika aliirudisha mezani. Ukubwa wa tezi hupatikana kwa kupima urefu, upana na kina chake kwa sentimita, ukavizidisha, kisha ukazidisha kwa 0.52. Picha ya pili iliandika 5.8, 5.2 na 5.6. Ukizipigia hesabu unapata mililita 88. Tezi ya kijana ni kama 20. Picha ile ile ikaonyesha pande la kati la tezi limechomoza ndani ya kibofu, na jiwe la sentimita 2.5 limekaa chini kabisa, ambalo picha ya kwanza haikulitaja kwa sababu ilipigwa kibofu kikiwa kitupu. Ukienda kupiga picha, kibofu kiwe na mkojo. Mwenye mpira hufungiwa mfuko kwa muda hadi kijae. Asiye na mpira apigwe mara mbili, kabla na baada ya kukojoa, ili ijulikane kinachobaki ni kiasi gani. Na karatasi isiyo na zile namba tatu msiipokee.

Namba hizo ndizo zilizochagua upasuaji. Sisi tulikuwa tukibishana kwa mambo ya ajabu: nani kasikia leza haina damu, nani jirani yake alipasuliwa akafa mwaka 1987. Mjomba mwenyewe alikuwa amekwisha kuamua kwamba anataka "ile ya kupitia chini, bila kisu".

Ile ya kupitia chini ndiyo TURP. Chombo chembamba chenye taa hupitishwa kwenye njia ya mkojo, na kwenye ncha yake kuna waya wa duara unaopitishwa umeme. Daktari anakwangua tezi kwa ndani kipande baada ya kipande, kama unavyokwangua nyama ya dafu kwa kijiko, huku maji yakipita kusafisha. Inafaa tezi ya mililita 30 hadi 80. Juu ya hapo kazi inarefuka, na urefu wa kazi ndio hatari yenyewe. Katika mashine za zamani, za monopola, maji yanayotumika ni ya glisaini, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme. Maji hayo hunyonywa na mishipa iliyokatwa, yakiingia mengi sodiamu ya damu hushuka, na mzee anaanza kuchanganyikiwa, kutapika, kuona giza, hata degedege. Ndiyo maana daktari mwenye mashine hiyo hutazama saa na hapendi kupita dakika 60. Mashine za baipola hufanya kazi ndani ya maji ya chumvi ya kawaida, na tatizo hilo linaondoka. Swali la kumuuliza daktari ni hili: mashine yenu ni ipi, na kwa tezi ya ukubwa huu utamaliza kwa muda gani? Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Upasuaji wa wazi ni wa zamani zaidi. Peter Freyer aliutangaza London mwaka 1901, naye Terence Millin akaleta njia ya pili, isiyofungua kibofu, mwaka 1945. Ule wa Freyer ndio aliofanyiwa mjomba. Tumbo hukatwa chini ya kitovu, kibofu hufunguliwa, kisha daktari anaingiza kidole na kuibandua ile nyama iliyokua, yote kwa pamoja, ikabaki kuta ya nje. Kwenye TURP dafu limekwanguliwa. Hapa nyama imebanduliwa nzima na kifuu kimebaki. Faida yake ni kwamba tezi ikiwa kubwa, zaidi ya mililita 80 au 100, inatoka yote, na jiwe linatolewa kwa mlango huohuo. Hasara yake ni damu, kidonda cha tumbo, na siku za kulala hospitali. Kwa jiwe lile na mililita 88, ubishi wetu uliisha ndani ya dakika tano.

Leza ya holmiamu, inayoitwa HoLEP, iliyoanzia New Zealand miaka ya 1990, inafanya kazi ileile ya kubandua nyama yote, ila kwa kupitia njia ya mkojo. Nyama ikishabanduliwa inasukumwa kwenye kibofu na kusagwa na kifaa kingine ndipo inyonywe nje. Haijali ukubwa wa tezi, damu ni kidogo, mpira hutoka kesho yake au keshokutwa. Lakini kuijua ni kazi ndefu, na daktari aliyefanya chache si sawa na aliyefanya nyingi. Afadhali mkono uliozoea kisu kuliko leza mpya mkononi mwa mwanafunzi. Ziko pia njia ndogo, kama UroLift inayoivuta tezi kando kwa vibanio na Rezum inayotumia mvuke. Hizo hulinda kutoa manii, ila si za tezi kubwa, na waliowekewa UroLift takriban mmoja kati ya saba hurudia matibabu ndani ya miaka mitano. Kwa mjomba zilikuwa nje ya hesabu, tukazipita.

Wanaotoka Tanga kufuata mabingwa wa mkojo hushika moja ya njia mbili pale Segera: kushoto kwenda Dar es Salaam, Muhimbili, au kulia kupitia Korogwe na Same hadi Moshi, KCMC, ambako wataalamu wa fani hii hufundishwa. Kabla ya kupanda basi Kange, piga simu uulize siku za kliniki. Kufika Ijumaa mchana na mfuko wa mkojo ni kulala gesti siku tatu.

Kabla ya kisu kuna maandalizi yanayosahaulika. Mkojo uoteshwe maabara na maambukizi yatibiwe kwanza, maana mwenye mpira wa miezi karibu lazima awe na vijidudu, na kupasua juu ya vijidudu ni kuvimwaga kwenye damu. Dawa za kuyeyusha damu, zikiwemo klopidogreli na wafarini, husimamishwa siku kadhaa kabla kwa amri ya daktari, kamwe si kwa amri ya jirani. Damu: tuliambiwa tutafute wachangiaji, na kati ya vijana sita waliojitokeza mtaani, wawili walikuwa na uzito chini ya kilo 50, mmoja shinikizo la damu lilikuwa juu. Tafuteni wengi kuliko mnaohitaji, na mwende mapema.

Alichomwa ganzi ya mgongo, akawa macho muda wote. Ilichukua kama saa moja na nusu. Nyama iliyotoka ilikuwa na uzito wa gramu 71.

Masaa 24 ya mwanzo ndiyo ninayotaka muyaangalie kwa karibu, kwa sababu wodini muuguzi mmoja ana vitanda vingi na ndugu aliyekaa pembeni ndiye jicho lake. Mgonjwa anarudi na mpira mnene wenye njia tatu: moja ya puto, moja ya kuingiza maji ya chumvi kutoka juu, moja ya kutoa. Maji yanapita mfululizo ili damu isigande kibofuni, na chupa huisha haraka kuliko mnavyodhani, kwa hiyo ziwepo za akiba kabla ya usiku kuingia. Rangi ndiyo lugha. Maji yakiwa kama juisi ya rozela iliyotiwa maji mara mbili, mambo ni mazuri. Yakikolea kama rozela yenyewe, ongezeni kasi na muuguzi aitwe. Yakiwa mazito na mabonge, aitwe mbio. Kisha hesabu: andika yaliyoingia, andika yaliyotoka. Yaliyotoka lazima yazidi, kwa kuwa na mkojo umo. Siku ile saa tano za usiku daftari la mkaza-mjomba lilionyesha yameingia lita 3, yametoka lita 2 na nusu, na mjomba akaanza kusema anataka kukojoa. Huyo ni bonge limeziba. Kitu cha kwanza ni kufunga maji yanayoingia, kabla hata ya kumwita mtu, la sivyo kibofu kilichoshonwa kinajazwa. Muuguzi akalivuta bonge kwa bomba kubwa la sindano, likatoka refu kama mnyoo, na maji yakashuka tena.

Kitanda cha pili alilala mzee kutoka Pangani, tezi mililita 45, aliyefanyiwa TURP. Siku ya tatu mpira wake ukatolewa, akakojoa mkondo wa kijana, akaaga kwa kujigamba. Mjomba alikaa na mpira siku nane, akimwonea wivu. Siku ya 12 mzee wa Pangani alipanda baiskeli kwenda sokoni. Siku za 10 hadi 14 baada ya TURP magamba ya kidonda hubanduka, damu kidogo ni kawaida, na kiti cha baiskeli kinagandamiza palepale. Alirudishwa wodini akiwa amezibwa na mabonge ya damu. Tanga bila baiskeli si Tanga, lakini wiki sita msipande. Na hiyo ndoo ya lita 20 msiinyanyue, wala msikamie choo kikubwa: mapapai, mchicha, maji lita mbili na zaidi kwa siku.

Rafiki wa mjomba wa Raskazone, tezi mililita 130, mwanawe alimchukua Muscat akafanyiwa HoLEP. Siku ya pili alikuwa hotelini. Ila alivuja mkojo akikohoa na akisimama kwa karibu miezi miwili, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hilo hutokea kwa njia hiyo na kwa wengi huondoka lenyewe. Alikuwa akijificha watu. Dawa yake kubwa ni zoezi: bana msuli kama unayezuia upepo usitoke, hesabu hadi tano, legeza, mara kumi, asubuhi mchana jioni. Lianzeni kabla ya upasuaji, msuli ujulikane uko wapi.

Liko jambo ambalo mjomba aliliuliza mwisho kabisa, siku ya kuruhusiwa, mlangoni, mkewe akiwa mbele na mzigo. Baada ya TURP, ya wazi au HoLEP, wengi, kwenye TURP kama 7 kati ya 10, manii hayatoki tena mbele. Hurudi kibofuni na kutoka na mkojo. Hamu ipo, nguvu kwa walio wengi zipo kama zilivyokuwa, raha ipo, ila ni kavu. Mwenye kutaka mtoto ajue kabla. Mkewe pia aambiwe, na daktari aulizwe wiki kadhaa kabla ya kusaini fomu, si mlangoni. Tendo lenyewe lisubiri wiki nne hadi sita.

Gharama zimo kwenye daftari lilelile la maji. Tulipojumlisha, ada ya upasuaji haikufika theluthi. Zilizobaki ni mipira na mifuko ya miezi minne, PSA mbili, altrasaundi mbili, bajaji, chakula cha wodini, na dawa ambazo dirisha lilisema hazipo. Mwenye bima aulize mapema kama kadi yake inagharamia upasuaji huo kwa jina lake, pamoja na mipira. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha, lakini barua ya serikali ya mtaa ifuatwe mgonjwa akiwa bado nyumbani. Sisi tuliifuata akiwa amekwisha kulazwa, tukapoteza siku mbili tukimtafuta mwenyekiti.

Gharama moja tulikuwa hatuijui: nyama ile ya gramu 71 lazima ipimwe maabara, maana saratani huweza kujificha ndani ya tezi inayoonekana kukua kwa umri tu. Tulikabidhiwa chupa, na chupa ilikuwa ndogo, dawa ya kuhifadhi haikuifunika nyama. Inatakiwa dawa iwe mara kumi ya nyama. Tulinunua ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Majibu yalirudi baada ya wiki tano: hakuna saratani.

Kifuu hata hivyo kimebaki, na humo saratani inaweza kuota baadaye, kwa hiyo mjomba hajaaga kipimo. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji PSA yake ilikuwa 0.9, na ameandikiwa irudiwe kila mwaka. Anaamka usiku mara moja. Kiti cha baiskeli, ambacho mkaza-mjomba alikuwa amekifungua kwa spana na kukificha chini ya kitanda tangu Oktoba, alirudishiwa wiki ya nane.